Nyuma ya Kanuni Kuna Watu

Ukifungua tasnifu ya umahiri iliyoandikwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya utafiti wenyewe unakutana na sahihi. Baada ya ukurasa wa mada inakuja ithibati, ambamo msimamizi anathibitisha kwamba ameisoma kazi na anapendekeza chuo kiipokee kama sehemu ya masharti ya kutunuku shahada. Ukurasa unaofuata ni ikirari. Hapo mwanafunzi anatamka, kwa jina lake kamili, kwamba kazi hii ni yake mwenyewe na kwamba hajaipeleka wala hataipeleka chuo kingine kuombea shahada. Chini yake kuna tamko la hakimiliki, linalotaja Mkataba wa Berne na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kurasa hizo hupewa namba za Kirumi, na wasomaji wengi huzipita haraka wakiiwahi sura ya kwanza.

Mimi huzisoma. Nimepitia tasnifu nyingi, nyingine nikizihariri, nyingine kwa hamu tu ya kujua mtu fulani alikuta nini huko alikokwenda, na kila mara naanza na sahihi. Watu wawili wamejifunga mbele ya mtu wa tatu wasiyemjua, yaani mimi msomaji. Mazungumzo ya kawaida kuhusu kanuni za tasnifu ni ya malalamiko: pambizo, ukubwa wa herufi, fomu, namba za vifungu, mpangilio wa marejeleo. Lakini nikizitazama kanuni hizo kwa utulivu naona karibu kila moja imewekwa kwa ajili ya mtu. Ipo inayomlinda bibi aliyeimba mbele ya kinasa sauti, ipo inayompa haki yake mtafiti wa zamani, ipo inayomfikiria msomaji ambaye bado hajazaliwa. Mwanafunzi anayezishika zote kwa pamoja, bila kuiua sauti yake mwenyewe, anafanya ufundi mkubwa, na ufundi huo hausifiwi vya kutosha.

Tuseme mwanafunzi wetu ni binti kutoka mkoa wa Tanga, amemaliza masomo ya darasani ya shahada ya umahiri, ile ambayo vyuo vingine huiita uzamili, na sasa anatakiwa kupeleka pendekezo la utafiti. Anafika ofisini kwa msimamizi na mada yake mkononi: fasihi simulizi ya Wazigua. Ni mada nzuri kwa mazungumzo, na kwa tasnifu haifai hata kidogo. Fasihi simulizi ya jamii nzima ina ngano, methali, vitendawili, matambiko, nyimbo za harusi, za jando, za msiba, za kilimo. Watu kumi wangeifanyia kazi maisha yao yote wakaiacha nusu.

Hapo kanuni ya mawanda inafanya kazi yake ya kwanza, na ni kazi inayouma. Mada inapunguzwa. Fasihi simulizi inakuwa nyimbo, nyimbo zinakuwa bembelezi, zile ambazo mama, shangazi na bibi huimba ili mtoto alale. Bembelezi zinapewa swali: ndani yake baba anasawiriwaje? Swali linapewa mahali, wilaya ya Handeni. Wiki kadhaa baadaye mada inasomeka hivi: usawiri wa baba katika bembelezi za Kizigua wilayani Handeni. Mwanafunzi anajiona amenyang'anywa kitu. Kwa kweli amepewa kitu kinachoshikika. Katika mada ile ya mwanzo angesema kidogo kuhusu kila jambo, na kila alilosema lingekuwa limeshasemwa. Katika hii anaweza kusema jambo ambalo hakuna aliyelisema kabla yake, na kulithibitisha.

Kisha yanakuja malengo. Lengo kuu ni moja, malengo mahususi kwa kawaida ni matatu, na kila lengo lina swali lake la utafiti. Hata vitenzi vinapimwa: kubainisha, kuchambua, kufafanua, kulinganisha. Mwanafunzi akiandika kwamba lengo lake ni kuelewa, msimamizi atalikata neno hilo, kwa sababu mtahini hawezi kufungua ukurasa wowote akaona mtu ameelewa. Anaweza kuona kwamba amebainisha, kwa kuwa alivyovibainisha vimo mle, vina namba na mifano. Nikisoma tasnifu iliyosukwa vizuri nafuata lengo la kwanza kutoka sura ya kwanza, nalikuta likiwa swali, nalikuta tena kwenye mbinu za kukusanyia data, nalikuta likijibiwa katika sura ya nne, na katika sura ya mwisho linahesabiwa: limetimia, halikutimia, au limetimia kwa sehemu. Hakuna kilichodondoka njiani. Raha ya kuufuata uzi huo ni raha halisi, na ninaamini anayeisikia ni msomaji yeyote aliyewahi kuchoshwa na maandishi yanayoahidi jambo na kulisahau.

Mapitio ya maandiko ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, na kwangu ndiyo inayompambanua fundi. Rasimu nyingi hukimbilia sentensi moja: hakuna utafiti wowote uliofanyika kuhusu mada hii. Msimamizi mzuri akiiona huweka kalamu chini na kuuliza, umetafuta wapi?

Binti wetu anatafuta. Anakuta kwamba Kizigua si lugha iliyosahauliwa na wanaisimu hata kidogo. Mwaka 1990 Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth walichapisha uchambuzi wa toni zake ambao wanafonolojia wa nchi nyingi wameurejelea, kwa sababu katika lugha hii toni ya juu ya mzizi wa kitenzi haikai palepale ilipozaliwa. Husafiri hadi silabi ya pili kutoka mwisho. Anakuta Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa chuo chake mwenyewe. Anakuta pia jambo ambalo hakulitarajia: wako wasemaji wa Kizigua kusini mwa Somalia, katika bonde la mto Juba, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19, na lugha hawakuiacha. Vita vilipozuka huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na hatimaye wakapewa makazi Chogo, katika wilaya ileile ya Handeni anayoikusudia. Wengine walihamishiwa Marekani. Kwa hiyo ndani ya eneo lake dogo la utafiti kuna akina mama ambao bembelezi zao zimevuka bahari na kurudi. Je, baba katika nyimbo hizo ni yuleyule? Asingepitia maandiko asingejua kwamba swali hilo lipo.

Hiyo ndiyo maana ya pengo la utafiti. Pengo halionekani na mtu aliyesimama mbali. Linaonekana na aliyepita ukuta mzima kwa mkono. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka ngazi iliyo juu ya umahiri, yaani uzamivu, lakini kanuni ni ileile. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, aliyekuwa amefanya utafiti kwa Walimba wa Sierra Leone, alitoa kitabu kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika na humo akatilia shaka kama utendi, kwa maana iliyozoeleka Ulaya, unapatikana kwa kiasi cha maana barani humu. Isidore Okpewho wa Nigeria akamjibu mwaka 1979 kwa kitabu kizima. Na mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mugyabuso Mulokozi akawasilisha tasnifu kuhusu tendi za nanga za Wahaya wa Kagera, zinazoimbwa na wasanii wanaopiga ala hiyo ya nyuzi. Shaka ya Finnegan haikujibiwa kwa hasira. Ilijibiwa kwa wasanii, kwa matini zilizorekodiwa, kwa uchambuzi. Mtu anayeona mapitio ya maandiko kama orodha ya majina ya wakubwa na asome majibizano hayo, aone jinsi watu wanavyoweza kubishana kwa heshima kwa miaka 16, kila mmoja akimtaja mwenzake kwa mwaka na ukurasa.

Sasa safari ya uwandani, na kabla yake barua. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kibali cha utafiti hutolewa kwa jina la Makamu Mkuu wa Chuo, na barua hiyo kwa miaka mingi imekuwa ikitaja waraka wa serikali wenye kumbukumbu namba MPEC/R/10/1 wa tarehe 4 Julai 1980, uliompa mamlaka ya kutoa vibali kwa wanafunzi na wafanyakazi wa chuo kwa niaba ya serikali. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoani inapata barua nyingine ya kwenda wilayani, wilayani inapata ya kwenda kwa mtendaji wa kata, na kwa mtendaji wa kata inashuka hadi kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Mwanafunzi anafika kijijini na bahasha yenye mihuri minne au mitano.

Najua watu wanaouona mnyororo huo kama urasimu mtupu. Nauona tofauti. Mgeni anaingia nyumbani kwa watu, anataka kurekodi nyimbo ambazo mama humwimbia mtoto wake chumbani. Mwenye kijiji ana haki ya kujua mgeni huyo ni nani, ametumwa na nani, na akikosea ashtakiwe wapi. Kila muhuri ni jina la mtu anayeweza kuulizwa. Wakoloni walikusanya mengi kwa watu wetu bila kuomba, na viboksi vya sauti na picha vimelala katika hifadhi za Ulaya bila hata jina la mwimbaji.

Muhuri lakini haumfanyi bibi aimbe. Hapo inaingia kanuni ya ridhaa, na ndipo adabu ya nyumbani na maadili ya utafiti vinapokutana. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, karibu. Unakaa, unapewa maji, unaulizwa wazazi wako hawajambo, unauliza ya mavuno. Mwanafunzi mwenye haraka, aliyechomoa fomu yake ya ridhaa mkobani kabla hajamaliza maji, ataondoka na nyimbo mbili zilizoimbwa kwa kujikaza. Aliyetulia ataeleza kwa lugha ya bibi anachokitaka, sauti itakaa wapi, nani ataisikia, na kwamba bibi akisema basi, ni basi. Bibi atauliza swali ambalo kamati zote za maadili zinajaribu kuliuliza kwa kurasa nyingi: haya maneno yangu yatakwenda wapi? Mtafiti asiye na jibu la swali hilo hajawa tayari kwenda uwandani. Na iwapo wimbo unamsema baba aliyetelekeza familia, na baba huyo bado yu hai nyumba ya tatu kutoka hapo, kanuni ya kuficha majina ya watoa taarifa inageuka kuwa amani ya kijiji.

Nikifika kwenye unukuzi natamani kila anayesema tasnifu za fasihi ni rahisi akae siku moja na mtu anayenukuu. Saa moja ya sauti yaweza kumeza siku nzima ya kazi, na zaidi ya siku ikiwa lugha haina maandishi yaliyozoeleka. Kinasa sauti kimerekodi wimbo, na pia jogoo, mtoto anayelia, bodaboda inayopita, jirani anayebisha hodi katikati ya ubeti. Neno moja linasikika nusu. Mwanafunzi analirudia mara nyingi, anapunguza kasi, anavaa vipokea sauti vya masikioni, anampigia simu bibi, bibi anacheka na kusema neno lenyewe ni la zamani, hata binti zake hawalitumii. Kisha swali la toni: ile toni inayosafiri, je, ataiwekea alama? Kama utafiti ni wa fonolojia, lazima. Kama ni wa fasihi, anaweza kuacha, lakini aseme wazi kwamba ameacha na kwa nini. Kisha tafsiri. Kizigua mstari wa juu, Kiswahili mstari wa chini, na kila tafsiri ni uamuzi. Akiandika kwamba baba amekwenda mbali, au amepotea, au ametuacha, amekwishatoa hukumu kabla hata ya kuanza kuchambua. Fundi mzuri anaiweka hukumu hiyo mezani: anataja kwamba kitenzi cha Kizigua kinabeba maana zote hizo, na anaeleza kwa nini amechagua moja.

Nimeona viambatisho vya tasnifu vilivyofanywa kwa uangalifu huo, kurasa thelathini za matini nyuma kabisa ambako hakuna anayetazama. Mimi hutazama. Sura ya nadharia itachakaa, maana nadharia zina majira yake. Zile kurasa thelathini za nyimbo, zenye jina la kijiji, tarehe, umri wa mwimbaji na tafsiri ya uaminifu, zitatafutwa na wajukuu wa waimbaji.

Kuhusu nadharia nitasema machache. Kanuni inataka mwanafunzi achague moja au mbili, aeleze waasisi wake, mihimili yake na udhaifu wake. Wengi huieleza vizuri katika sura ya pili na kuiacha humohumo. Alama ya kazi nzuri ni kwamba ukifika sura ya nne unaona mhimili uleule ukiinua kitu: kwa sababu ya mhimili huu nimeona jambo hili katika wimbo wa saba, ambalo bila huo nisingeliona. Kama wimbo wa saba ungesomeka vilevile pasipo nadharia, nadharia haikuhitajika.

Wako wanaoamini kwamba kanuni hizi huua ubunifu. Ningewakumbusha Euphrase Kezilahabi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa na riwaya tatu, Rosa Mistika, Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo, pamoja na diwani ya Kichomi iliyotikisa ushairi wa Kiswahili kwa mashairi yake huru. Hakuwa na haja ya kumthibitishia mtu yeyote kwamba anajua kuandika. Hata hivyo alikaa chini na kuandika kazi ya umahiri kuhusu Shaaban Robert, akaikamilisha mwaka 1976 palepale Dar es Salaam, na baadaye akaenda Wisconsin, Marekani, alikomaliza uzamivu mwaka 1985. Mtu aliyevunja vina na mizani katika ushairi alikubali mizani ya tasnifu. Nadhani alijua tofauti ya kazi hizo mbili. Mshairi anaweza kusema jambo na kukuacha nalo. Mwandishi wa tasnifu anadaiwa njia nzima aliyopita, ili wewe uweze kuipita tena na kumkatalia ukitaka.

Njia hiyo hakuna anayeipita peke yake. Pembeni mwa kila rasimu kuna mkono wa msimamizi: nani kasema? Chanzo kiko wapi? Hii ni data au ni maoni yako? Mbona Mulokozi wa mwaka fulani yumo ndani ya maelezo na hayumo kwenye marejeleo? Fafanua. Fafanua zaidi. Mwanafunzi anaporudishiwa sura iliyojaa wino huona aibu, na angepaswa kujua kwamba wino huo ni saa za mtu. Msimamizi aliyesoma sura ya pili mara nne, akakumbuka kwamba katika rasimu ya kwanza palikuwa na aya nzuri iliyopotea katika ya tatu, amefanya kazi ambayo haitaonekana popote isipokuwa katika sahihi ile ya ithibati.

Na hapa nasema jambo linaloniuma. Kanuni zinamfunga mwanafunzi kwa tarehe: kuwasilisha pendekezo, kuandikishwa, kumaliza ndani ya muda uliowekwa, kulipa ada ya kuongezewa muda akichelewa. Zinamfunga msimamizi pia, kwa maana anatakiwa kusoma na kurudisha kazi kwa wakati, lakini upande huo mara nyingi hausimamiwi. Nawajua watu waliomaliza kuandika na rasimu ikakaa juu ya meza ya mtu kwa miezi, mwanafunzi akiogopa kuuliza kwa sababu ya heshima. Heshima ya mwalimu kwetu ni kubwa, na ndiyo maana mwalimu ana deni la kutoitumia kama pazia. Kanuni inayombana mmoja na kumwachia mwingine imekosa nusu ya kazi yake.

Liko pia soko la watu wanaowaandikia wengine tasnifu kwa malipo. Matangazo yamebandikwa karibu na vyuo, na siku hizi yamehamia kwenye simu. Programu za kupima mfanano wa maandishi, kama Turnitin, zinamnasa anayenakili. Hazimnasi aliyenunua kazi mpya. Linalobaki hapo ni ikirari tu, ile kauli ya ukurasa wa mwanzo. Anayetia sahihi chini ya kazi asiyoiandika amemdanganya msimamizi wake, amemdanganya mtahini, na zaidi ya wote amemdanganya bibi wa Handeni, kama kweli yupo, maana mara nyingi kwenye tasnifu ya kununua hata yeye ametungwa.

Kanuni za umbo nitazipita upesi. Pambizo ya kushoto huwa pana kuliko nyingine kwa sababu hapo ndipo mfunga vitabu atakapopitisha uzi. Bila nafasi hiyo maneno ya mwanzo wa mstari yangemezwa na mgongo wa kitabu. Nafasi mbili kati ya mistari ni mahali pa kalamu ya mtahini. Ikisiri, ambayo vyuo vingi huiwekea ukomo wa maneno 300 hivi, ni kwa ajili ya mtu mwenye dakika mbili anayetaka kujua kama kazi hii inamhusu. Hata vifungu vyenye namba kama 4.2.1 vina mwenyewe: ni yule atakayesema kwenye makala yake kwamba hoja fulani iko hapo, na msomaji wake akaipata.

Kazi ikikamilika inapelekwa kwa watahini, wa ndani na wa nje. Mtahini wa nje anatoka chuo kingine, hamjui mwanafunzi, hakuona machozi yake, na hilo ndilo analoitiwa. Hukumu zake kwa kawaida ni nne: ipite kama ilivyo, ipite baada ya masahihisho madogo, irudiwe kwa masahihisho makubwa, au isipite. Ya kwanza ni adimu sana. Walio wengi hupokea ripoti na orodha ya masahihisho, na wanatakiwa kujaza jedwali: safu moja ina maoni ya mtahini, ya pili ina alichofanya mwanafunzi, ya tatu ina ukurasa ambako marekebisho yanaonekana.

Jedwali hilo nalipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya mchakato huu. Halisomwi na watu, halifungwi ndani ya tasnifu, lakini ndilo linaloonyesha tabia ya mtu. Jahazi likishaundwa fundi hulipiga kalafati, anapita kila ungio la mbao akishindilia pamba, na maji hayajali kwamba maungio mengine mia yamezibwa vizuri. Maoni namba 14: mwaka wa chanzo katika ukurasa wa 37 haulingani na ule wa kwenye marejeleo. Umerekebishwa, ukurasa wa 37 na wa 112. Maoni namba 15: tafsiri ya mstari wa tatu wa wimbo wa tisa ina shaka. Mwanafunzi amerudi kwa mwimbaji, tafsiri imebadilishwa, na uchambuzi wa ukurasa wa 81 umeandikwa upya kwa sababu ulitegemea tafsiri ile. Maoni namba 16: mtahini anapendekeza nadharia nyingine. Hapa mwanafunzi hakubadilisha. Ameeleza kwa aya moja, kwa adabu, kwa nini nadharia yake inatosha kwa maswali aliyoyauliza, na msimamizi ameunga mkono. Kukubali maoni ya 15 na kuyakataa ya 16, vyote kwa sababu zinazoonekana, kunahitaji mtu aliyeijua kazi yake hadi mishipani. Alipoingia chuoni hakuwa mtu huyo.

Baadaye nakala zinafungwa kwa jalada gumu, mada na mwaka vinapigwa mgongoni, nyingine inahifadhiwa kwa mfumo wa kielektroniki, na moja inakwenda maktaba, ambako tasnifu hukaa katika mkusanyo wa East Africana pamoja na mambo mengine ya kanda hii. Katika sura yake ya mwisho binti wetu ameandika mapendekezo kwa tafiti zijazo, sehemu ambayo wengi huijaza kwa sentensi za heshima tu. Yeye ameandika mambo mawili aliyoyaona na hakuyafikia. La kwanza ni bembelezi za akina mama wa Chogo, ambazo muda na fedha havikumruhusu kuzirekodi zaidi ya chache. La pili ni nyimbo ambazo baba mwenyewe huimba anapoachiwa mtoto. Alizisikia jioni moja uani kwa jirani na hakuwa na kibali cha kuzirekodi, kwa hiyo hakuzirekodi. Ametaja kata, ametaja msimu ambao watu wana nafasi, na ametaja kwamba barua ya wilayani ipelekwe mapema kabla ya kilimo kuanza.